Nakala Safi

Kazi ililetwa mezani kwa Bi Nukta saa tatu asubuhi ikiwa ndani ya flashi, na Katibu wa halmashauri aliyeileta hakukaa hata kidogo. Alisema ni kazi ndogo. Abadilishe jina la mji tu, achape nakala kumi na nane, madiwani wanakaa kesho. Akaondoka zake akitafuna kijiti cha meno. Ndivyo alivyo Katibu: kazi ikishakuwa ya mwingine, huwa ndogo.

Jina la Bi Nukta alipewa na ofisi, na hakuna aliyekumbuka tena lilianza lini. Kwa miaka kumi na tisa haikutoka karatasi chini ya mkono wake ikiwa na nukta pungufu. Wakubwa walikuja na kuondoka, wengine hata tarehe hawajui kuiandika, yeye akawa anawasitiri. Barua ikisifiwa huko juu, anayesifiwa ni mkubwa. Hakuwa na kinyongo. Alisema sifa haziliwi, na akikuta jina la mtu limekosewa atainuka aende kuuliza, hata kama mvua inanyesha.

Alifungua faili akaanza kusoma. Ilikuwa sheria ndogo ya kufuta sheria ndogo. Mji jirani, ule wa mwendo wa saa moja kwa gari, ulikuwa umefuta darasa la watoto viziwi mwaka jana. Kabla ya hapo halmashauri ilimlipa mwalimu wa lugha ya alama na kutoa chumba katika shule ya msingi. Mji huu nao ulikuwa na darasa la namna hiyo hiyo, na sasa ulitaka kulifuta kwa maneno yale yale. Bi Nukta alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena.

Mwanawe wa miaka tisa alikuwa katika darasa hilo.

Nyumbani mtoto huyo walimwita Mkaguzi. Aliyemtungia jina ni baba yake, fundi wa majokofu, kwa sababu mtoto hasikii lakini macho yake hayapitwi na kitu. Ukificha pipi ataiona. Ukigombana na mwenzio kisha ukajitia kucheka, atakukodolea macho mpaka uone haya. Mpaka alipotimiza miaka sita hakuwa na lugha yoyote zaidi ya kuvuta watu nguo na kulia, na siku nyingine mama yake naye alikaa pembeni akalia, kwa kuwa hakujua mtoto anataka maji au anaumwa. Darasa ndilo lililomfungua. Ndani ya miezi michache aliwapa wazazi wake majina ya mikono: baba ni ngumi inayogonga mara mbili, kama anavyogonga friji kabla ya kulifungua, na mama ni ncha ya kidole katikati ya kiganja.

Kwa hiyo Bi Nukta alijua vizuri sana kilichokuwa mbele yake kwenye kioo cha kompyuta. Wengine waliokuja kuipigia kura kesho yake hawakujua nusu.

*

Alimkuta Katibu ofisini kwake akisaini hati za mafuta ya gari. Alisimama mlangoni, akagonga ubao wa mlango, akaanza kwa lile lililo rahisi.

"Bosi, hapa wameandika watoto ni wanne. Sisi tunao ishirini na watatu."

"Basi weka ishirini na watatu."

"Na hapa wanasema wazazi wameridhia. Hakuna mzazi aliyeulizwa. Mimi ni mzazi, sijaulizwa."

Katibu akaweka kalamu chini. Alikuwa amesahau. Si mtu mbaya, na hili lazima lisemwe, maana watu hupenda kuambiwa kwamba mambo kama haya hufanywa na watu wabaya. Huyu ndiye aliyempa Bi Nukta ruhusa ya wiki nzima mtoto alipolazwa, bila kumkata kitu. Alimkaribisha kiti, akamweleza pole pole kama anayemweleza mgonjwa.

Alisema hakuna anayewachukia watoto. Mwanzoni walikuwa kumi na wanne na mwalimu mmoja, na mambo yalikwenda. Mji jirani ulipofuta, watoto tisa wakahamia hapa, wengine kwa shangazi zao, wengine mama zao wamepanga vyumba. Sasa mwalimu anaomba mwenzake, anaomba na chumba cha pili. Halmashauri ikikubali, mji mwingine nao ukifuta, watakuja wengine. Mwisho mji huu utakuwa ndio mji wa viziwi wote, na hela ni zile zile. Isitoshe, wenzao walifuta na hakuna aliyeandamana. Mwenyekiti alikaa na mwenyekiti mwenziwe kwenye semina, wakati wa chai, akasimuliwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Wenyeviti wote waliokuwa pale mezani waliomba nakala.

"Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji," Katibu alimalizia.

Msemo huo ni wa mtu anayengoja zamu yake ya kunyolewa. Sijapata kuusikia kwa mwenye wembe, lakini ofisini misemo hutumika na yeyote mwenye kiti.

Bi Nukta aliuliza afanye nini na lile la kuridhia. Katibu alifikiri, akasema aliondoe, aandike kwamba wazazi watajulishwa. Akashukuru kwa kukumbushwa. Akasema kweli bila yeye ofisi hii ingeaibika.

Alirudi mezani akachapa. Nitasema ukweli wake: alichapa vizuri, kama siku zote. Angeweza kusema anaumwa, akaenda nyumbani, na karatasi ingepita na makosa yake yote. Wazo hilo halikumjia. Lililomjia ni kwamba madiwani wakiona idadi ya kweli, ishirini na watatu, kwa tarakimu na kwa maneno, wataona haya. Wanne mtu anaweza kuwafuta huku anakunywa soda. Ishirini na watatu ni nyumba ishirini na tatu, ni kura. Akaiweka idadi mstari wa kwanza kabisa, ionekane. Akarekebisha na jina la shule, na kifungu kilichotaja sheria isiyokuwepo katika mji wao, na tarehe. Ilipofika saa tisa karatasi ilikuwa safi.

*

Kikaoni Bi Nukta ndiye aliyeandika muhtasari, kama siku zote. Suala la mikokoteni kuegeshwa mbele ya soko lilichukua saa moja na nusu, na madiwani wawili nusura wavutane mashati. Darasa la viziwi lilichukua dakika kumi na moja. Aliziandika yeye mwenyewe: lilianza saa tano na dakika ishirini na mbili, likaisha saa tano na dakika thelathini na tatu.

Mwenyekiti alimwomba asimame awasomee idadi, maana miwani yake aliisahau. Akasimama. Akasoma kwamba watoto wanaonufaika ni ishirini na watatu. Akangoja hiyo haya aliyoitarajia.

Diwani mmoja, mwenye duka la mbao, alipiga mluzi. Akasema wenzao walikuwa na wanne tu na mzigo ukawashinda, sembuse ishirini na watatu. Mwingine akauliza wangapi kati yao ni wa mji huu hasa. Bi Nukta alijua jibu, na aliulizwa, akajibu kwamba tisa walihamia. Hapo kikao kikachangamka. Walizungumza juu ya hao tisa kana kwamba wameingia kwa kuruka ukuta. Mikono ikanyooshwa, kumi na watano dhidi ya wawili, na mmoja alikuwa ametoka kupokea simu. Yule wa duka la mbao aligeuka akamwambia Bi Nukta kwamba kwa kweli takwimu zake zimesaidia sana.

Kabla ya kutoka ofisini alikabidhiwa na barua ya kumshukuru mwalimu wa darasa kwa utumishi wake mwema. Akaichapa nayo.

Nyumbani alimkuta mumewe uani, amelala ubavu nyuma ya friji la mteja, na Mkaguzi amemshikia tochi. Alimwambia akiwa amesimama, mkoba bado begani. Fundi aliinuka, akajifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Aliyeichapa nani?"

"Mimi."

"Kwa mikono yako?"

"Nisipochapa mimi atachapa mwingine. Na mshahara ule ndio unaolipa hapa, wewe unajua. Mafriji hayaharibiki kila siku."

Hilo la mwisho halikuwa la lazima, na alijuta palepale. Fundi alianza kurudisha bisibisi kwenye begi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, fundi wa kutania wateja mpaka wanasahau kulalamikia bei, na safari hii hakutania. Mkaguzi alizima tochi, akawatazama mmoja mmoja, akauliza kwa mikono kuna nini. Bi Nukta alijua alama mia mbili hivi, za chakula, nguo, kulala, nakupenda. Ya kufuta hakuijua. Akamwambia mtoto kwamba amechoka.

*

Mwalimu wa darasa hakukubali. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, ambaye ndugu yake alikufa kiziwi bila kuwahi kuzungumza na mtu, na alisema hawezi kuondoka kwa barua ya shukrani. Sheria ilitoa siku thelathini za kupinga kwenye ofisi ya mkoa. Aliandika malalamiko, akakusanya wazazi watatu walioweza kukosa kazi siku ya Jumatano, mmoja wao Bi Nukta, aliyeomba ruhusa ya nusu siku kwa kisingizio cha jino.

Walikaa kwenye benchi tangu saa mbili. Saa nne waliambiwa wako mlango usio wao. Kwenye mlango wao waliambiwa wavue kofia, na mwenye kofia alikuwa baba mmoja tu, mwenye kipara, naye akaivua akaishika kama mwanafunzi. Saa sita na nusu wakaitwa ndani.

Afisa aliyewapokea alikuwa kijana mwenye adabu. Aliwapa viti, akasoma malalamiko yote bila kuruka, na baadaye akaisoma sheria yenyewe, taratibu, kidole kikifuata mistari. Aliisoma mara mbili. Akasema anawahurumia, na alionekana kusema kweli, lakini kazi yake si kuamua kama jambo ni jema. Kazi yake ni kuangalia kama limefuata utaratibu.

"Mwaka huu nimerudisha tano," alisema. "Miji inachukuliana, mtu anabadilisha jina la juu tu. Unakuta imetaja mto ambao haupo, au imesema wazazi wameridhia na hakuna aliyeulizwa. Hiyo narudisha siku hiyo hiyo, na ikirudi huko mara nyingi inafia kabatini, maana hakuna anayetaka kuitisha kikao tena. Hii sina pa kuishika. Imeandikwa na mtu anayejua kazi yake."

Mwalimu alimuuliza, basi ya mji jirani, iliyosema wazazi wameridhia, mbona ilipita?

"Hakuna aliyekuja kulalamika," afisa akajibu.

Mwalimu hakumtazama Bi Nukta. Alijua, wote watatu walijua ni nani anayechapa pale halmashauri, na hakuna aliyegeuza shingo. Bi Nukta alitamani mmoja wao amtukane. Akaomba maji, akapewa, akayanywa yote. Njiani kurudi yule baba mwenye kofia alimwambia, kwa wema kabisa, kwamba hakuna aliyejua itageuka hivi. Ndipo alipolia, ndani ya gari, mbele ya watu.

*

Darasa lilifungwa mwisho wa muhula. Watoto wakubwa wawili walipelekwa kujifunza kushona. Wengine walirudishwa kukaa nyuma kabisa katika madarasa ya kawaida, wakiangalia mgongo wa mwalimu anayeandika ubaoni. Mkaguzi alikaa huko wiki tatu. Wiki ya tatu alianza tena kuvuta watu nguo.

Fundi ndiye aliyeamua. Uko mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi, ambao darasa lake lilikuwa linaendelea, na mwalimu wao alikuwa amekwisha kuwaandikia wenzake huko. Alisema friji ni friji popote, zinaharibika kwa namna moja. Mama abaki na mshahara, yeye aende na mtoto. Ndoa yao ilikuwa na miaka kumi na mbili na hawakuwahi kulala miji tofauti ila siku za misiba. Bi Nukta aliomba ruhusa ya siku mbili kuwasindikiza, akaandika kwenye fomu sababu ya kweli safari hii: kumhamisha mtoto shule. Katibu akasaini.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa migumu. Katika mji mgeni fundi hana jina, na mtu hampi mgeni friji lake alivunje. Fundi alizunguka na begi la vifaa mlango kwa mlango, akaambiwa arudi kesho, akaambiwa mbwa mkali. Chumba walichopata kilikuwa kimoja, choo cha shirika. Lakini kila jioni akipiga simu ilikuwa habari ya mtoto tu. Mkaguzi amepata rafiki. Mkaguzi amegombana na rafiki. Mkaguzi amemsimulia baba hadithi ya nusu saa na yeye ameambulia maneno kumi, kitu cha mbuzi na polisi. Bi Nukta akicheka peke yake chumbani, akiufuta uso.

Baadaye mambo yakafunguka. Mwenye bucha mmoja alimwita Fundi kutengeneza jokofu kubwa lililowashinda wengine, likakubali, na kwa wenye bucha habari huenda haraka. Watoto wengine wanne wa darasa la zamani wakafuata huko. Mwenye nyumba akamwambia Fundi kwamba akilipa kodi ya mwaka mzima atampa na chumba cha pili. Fundi alipiga simu kwa furaha. Alisema likizo ijayo mama afunge mizigo, aombe uhamisho, halmashauri ya huku nayo ina kompyuta. Wakakubaliana apeleke hela Ijumaa.

*

Siku ya Jumatano, Katibu alimwita Bi Nukta akampa barua asome. Ilitoka halmashauri ya mji ule alikohamia Fundi. Iliandikwa kwa heshima nyingi. Walisema wamesikia sifa za sheria ndogo ya kufuta darasa, kwamba ilipita mkoani bila kurudishwa, nao wanaomba nakala yake ili waitumie. Walieleza na sababu. Tangu mwanzo wa mwaka wamepokea watoto watano wapya kutoka mji huu, na wanahofia wengine watafuata.

Aliisoma akiwa amesimama. Katibu alisema ni kazi ndogo, afungue faili, aache nafasi ya jina la mji na ya idadi, awatumie leo. Akaongeza kwamba ni heshima kwa ofisi.

"Watano hao, mmoja ni wangu," alisema Bi Nukta.

Katibu akamtazama. Safari hii hakuwa amesahau, na aliinamisha macho kwenye meza.

"Ulinisainia ruhusa ya kumpeleka," akaendelea. "Nimpeleke wapi tena?"

Katibu alijikuna shingo. Alisema anasikia uko mji mmoja huko kaskazini, lakini hana hakika kama darasa bado lipo. Alisema serikali haina ubaya na mtu. Alisema mambo mengine.

"Hii sitaituma," alisema Bi Nukta. Sauti yake haikupanda. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kusema neno hilo katika chumba kile, na yeye mwenyewe alilisikia kana kwamba limesemwa na mtu aliye nyuma yake. "Ukitaka kuniandikia onyo, andika. Lakini sitaituma."

Katibu hakumwandikia onyo. Alingoja mpaka saa ya chakula, ofisi ilipokuwa tupu, akaenda kwenye kompyuta, akaitafuta faili na kuituma mwenyewe. Haikumchukua muda. Karatasi ilikuwa imekwisha kusafishwa zamani, na haikuhitaji tena mkono wa mtu anayejua kazi. Bi Nukta aliporudi aliona kwenye kioo kwamba imekwenda. Alitoka nje akaenda kusimama karibu na tangi la maji, akampigia mumewe.

Fundi alipokea akiwa kazini, kelele za mota nyuma yake. Alidhani ni habari ya uhamisho. Bi Nukta akamwambia ile hela asilipe ya mwaka. Alipe mwezi mmoja.

"Tulishakubaliana na mtu," alisema Fundi. "Chumba cha pili nacho tunakiacha?"

"Kiache. Huko nako wanafuta."

Mota ilizimwa. Fundi akauliza nani kasema, na Bi Nukta akasema ameiona barua kwa macho yake. Fundi akasema haiwezekani, darasa lile lina miaka, mwalimu yupo, chumba kipo, watu wa huku hawana shida na mtoto wa mtu.

"Sasa wametoa sababu gani?"

Bi Nukta alijaribu kukumbuka maneno ya barua kama yalivyoandikwa. Yalikuwa mengi, na yote ya adabu.

"Sisi," alisema. "Sababu ni sisi, kwamba tumekwenda."

Fundi akasema basi, atalipa mwezi mmoja.